Chai ya Aliyeanguka

Binti aitwaye Sikujua alikuwa ameshavuka reli ya pili, birika mkononi na pakiti ya sukari kwapani, kelele zilipoanza nyuma yake. Ni vijana wenzake wa Makontena, wamejipanga juu ya mapaa ya mabati wakipunga upepo, na hawakuwa tayari kumwacha aende zake kimya.

"Mpisheni bibi harusi, anakwenda kwa mkwe."

"Mkwe gani, na mume ameshamuua mara tatu?"

"Wenzake wanatongozwa kwa zawadi. Huyu anatongoza kwa risasi."

Hakugeuka. Alitaka kucheka, lakini birika lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, na katika mji ule birika likifika pungufu msibani ni tusi lisilofutika. Kwa hiyo alitembea kama mtu aliyebeba mayai, akakanyaga taruma moja la reli baada ya jingine, mpaka Makontena yakabaki nyuma na mbele yake likasimama geti la Karakana.

Zamani, enzi za visu, mtu wa Makontena akivuka hapo alivuka mara moja tu, hakurudi. Siku hizi mlinzi wa geti alikuwa amekaa juu ya ndoo anamenya muhogo. Akaliangalia birika, akamwangalia mwenye birika.

"Wewe tena."

"Mimi tena."

"Pole yake. Pita."

Mji wenyewe uliitwa Stesheni kwa sababu ulianza hivyo: treni za mizigo kutoka kila upande zilikutana hapo, na watu walioshushwa wakabaki. Waliofika kwanza walikaa kwenye karakana ya zamani, ndani ya mabehewa yaliyokufa. Waliofuata wakakaa kwenye makontena matupu yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa. Katikati yao ulisimama Mnara wa Umande, ambao nyavu zake hukamua maji kutoka hewani kukipambazuka, na maji mengine hakuna. Anayeushika mnara anakinga kwanza, mwenzake anakinga kinachobaki. Kwa ajili ya mnara huo watu walichomana visu miaka mingi, hata ikawa mama akisikia mbio za miguu nje anahesabu watoto wake.

Kisha vikaja vigae. Ni mchezo tu wa kushika mkononi, unaoenea viganjani kama kigae cha paa, ndiyo maana vikaitwa hivyo. Ukiwasha unaiona Stesheni ileile, vichochoro vilevile, mnara uleule, na wewe umo ndani na bunduki, genge lako huku na genge lao kule. Kampuni iliyovileta ilitaka kuuza, basi. Lakini vijana walivipenda kuliko visu, na wakubwa wa pande zote mbili wakaona mwanya. Wakakubaliana vita vya mnara vipiganwe humo, kila kiangazi kinapoanza, pambano baada ya pambano mpaka mlango wa mnara ushikwe, na aliyeshinda humo ameshinda kweli. Mwenye kigae analindwa na makubaliano. Hakuna wa kumgusa barabarani, hata kama baba yake alimkata baba yako. Asiye na kigae halindwi.

Na kigae si kitu cha kudanganya. Usipopigana unakivaa shingoni, ngozi kwa ngozi. Ukipigana unakishika kwa mikono miwili. Na wakati wote kinasikiliza mapigo ya damu yako. Mtu mwingine akikishika kinazima. Ukimlenga adui ukamwacha makusudi kinajua, kinachora mstari mwekundu ambao kila mtu anauona, na genge lako lenyewe linakunyang'anya. Ukipigwa ukaanguka, kinapoa mikononi ghafla kama jiwe la mtoni, na kigae cha aliyekuangusha kinamchorea ramani mpaka kwenu. Hakuna aliyeandikisha anakokaa, nani angekubali? Kinajua chenyewe. Kwenu, kwa akili ya kigae, ni pale mapigo yako yanapotulia kuliko kwingine kote.

Kampuni iliweka ramani hiyo kwa ajili ya ngawira, aliyeua akachukue redio au sufuria. Kina mama ndio walioigeuza. Wale wa Karakana na wale wa Makontena walikutana kwenye ghala la mizigo, wakazozana mchana kutwa, wakatoka na neno moja: ramani ibaki, ila anayeifuata aje na birika la maji ya kwao, avue viatu, anywe chai na wafiwa, na asikilize mama akimsema aliyeanguka, ili ajue amemwangusha nani. Hata kama aliyeanguka yu hai, amelala nyuma ya pazia, anasikia kila kitu.

Sikujua alisimama mbele ya behewa ambalo mlangoni bado liliandikwa Daraja la Tatu.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi niliyemwangusha."

"Karibu wewe uliyemwangusha. Viatu acha hapo."

Mama Lusajo alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka. Alipokea birika kwa mikono miwili, akalitikisa kidogo karibu na sikio, akaridhika, akalibandika jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa. Maiti ana njaa tangu asubuhi."

Pazia lililokuwa mwisho wa behewa, pale abiria walipokuwa wakiweka mizigo, likatikisika. "Mwambie alinipiga kisogoni kama mwizi."

"Maiti, nyamaza."

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

"Kwenye kigae viatu havina kamba," Sikujua akaliambia pazia.

"Nyamazeni wote wawili," alisema Mama Lusajo. "Mmoja amekufa na mwenzake yuko msibani. Mnanitia aibu kwa majirani."

Wakakaa kwenye viti vya treni, wakitazamana kama wasafiri. Chai ilichemka na iliki na tangawizi, harufu ikajaa behewa zima, na Sikujua akausikia mwili wake ukilegea kuanzia mabegani, kama kila mara alipokaa pale. Sahani ya maandazi ilikuwa ya moto. Alikula taratibu, kwa adabu, na lile la mwisho akalishusha mapajani, akalifunga kwenye kitambaa wakati mama akigeukia jiko. Ndivyo alivyolelewa na njaa: usimalize, kesho nayo ina tumbo. Yeye alikutwa kichanga ndani ya kontena la mitumba, kati ya marobota, na tangu hapo alikuwa mtoto wa kila mtu. Anayejua hali hiyo anajua maana yake ni kulala leo hapa, kesho pale, na kula mwishoni.

"Sasa nimseme," alianza Mama Lusajo. "Lusajo alipokuwa mdogo aliogopa honi ya treni. Ikilia, kaka yake Ambakisye anamziba masikio kwa viganja, mpaka ipite. Treni zilikuwa nyingi enzi hizo. Yule mtoto alishinda ameshika masikio ya mwenzake badala ya kucheza." Akanywa chai. "Ambakisye walinichomea kisu pale kwenye pampu ya mnara. Aliyemchoma hakuja hata kuniambia pole. Sijui jina lake mpaka leo. Ningemjua ningemkaribisha, au ningemmwagia maji ya moto, sijui. Lakini angekuja."

Akaweka kikombe chini.

"Mtoto amebaki mmoja," akaendelea, "na hii ni ya tatu, binti yangu. Unajua kigae kinavumilia tatu tu. Ya nne kinakufa, na kampuni ilishafunga duka, hakuna kingine. Akikosa kigae nitampandisha treni ya mizigo siku hiyohiyo, maana wapo wanaoihesabu siku hiyo kwa vidole. Waliopanda kabla yake hajarudi hata mmoja. Sikuombi kitu. Mfiwa haruhusiwi kumwomba aliyeangusha. Nakusemea tu mtu wangu, kama desturi inavyotaka. Ongeza chai."

Sikujua aliongeza chai. Mara ya kwanza alimwangusha Lusajo kwa bahati, kwenye kichochoro cha vinyozi. Mara ya pili na ya tatu alimtafuta. Aliwapita maadui wengine wa karibu, wepesi, akazunguka mji mzima wa kigae kumsaka huyu mmoja, kwa sababu ya behewa hili, jiko hili, na mwanamke huyu anayemwambia ongeza chai. Vijana wa mapaani walidhani ni mapenzi. Yangekuwa mapenzi ingekuwa nafuu. Ukweli ni kwamba alikuwa ameketi akinywa chai ya watu, na kuilipia kwa maisha ya mtoto wao.

Alipovaa viatu, sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya chini safari hii. "We Sikujua. Safari nyingine nipige kifuani. Kisogoni inauma."

* * *

Breki ndiye aliyekuwa mkubwa wa Makontena. Mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyepanga vita vyote na hakupigana hata kimoja. Hakuna aliyewahi kumwona ameshika kigae chake vitani. Kilining'inia shingoni tu, hakijawahi kuangusha mtu. Wengine walisema ni mvivu, wengine kwamba mpangaji hachafui mikono.

Alimkuta Sikujua kwenye paa la Mzee Ndimbo, akimwagilia mchicha. Mzee huyo alikuwa na makopo ya mchicha kila mahali palipoweza kukaa kopo, akiuza mafungu Makontena yote. Nyuma ya makopo ndipo alipomruhusu Sikujua atandike godoro, miaka mitatu sasa, bila neno tamu hata moja.

"Kesho kutwa mchana," alisema Breki. "Lusajo atakaa kwenye mlango wa mnara. Wengine wetu watawavuta wenzake upande wa nyavu. Wewe unamwangusha, mlango wetu, basi."

"Akianguka tena anatoka mjini."

"Najua."

"Mpange mwingine, kaka Breki."

"Mwingine nani? Hakuna anayejua anavyotembea kama wewe. Umemsoma mpaka kamba za viatu."

Mzee Ndimbo alikohoa kati ya makopo yake. "Kiangazi kilichopita tulikinga maji ya mwisho. Matope. Nilipoteza nusu ya bustani na jirani yangu akampoteza mtoto kwa kuhara. Huyo kijana atapanda treni, atakwenda kuishi kwingine, ana miguu. Mchicha hauna miguu."

"Kwa nini usimwangushe wewe?" Sikujua alimwuliza Breki.

Breki alitazama upande wa Karakana, kule mabehewa yalipong'aa juani.

"Ukimwangusha mtu lazima uende kwao," alisema. "Mimi napanga tu." Akashuka ngazi.

Sikujua alirudi kwenye makopo. Alimwagilia kila moja, bila kumwaga tone nje ya udongo. Mzee Ndimbo alimpa pa kulala. Mama Lusajo alimpa, tuseme, alimpa sababu ya kuamka. Wote hawakuwa na deni kwake, na wote walikuwa wamemlisha, na kesho kutwa angelazimika kumnyima mmoja wao.

* * *

Siku yenyewe jua lilikuwa la utosi. Walikaa kivulini juu ya kontena la juu kabisa, wapiganaji kumi na wawili, bega kwa bega, na watu wa Makontena nyuma yao wakichungulia mabegani. Huko Karakana nao walikaa hivyohivyo. Ukipita barabarani ungeona mji uliotulia, hakuna hata mbwa anayebweka. Vita vyote vilikuwa viganjani.

Ndani ya kigae ilikuwa tofauti. Sikujua alikimbia kichochoro cha vinyozi, akaruka ukuta wa ghala, akapita chini ya mabehewa. Alisikia wenzake wakianguka: mtu mmoja nyuma yake alisema "Aa, kimepoa," kwa sauti ya mtu aliyemwaga chakula. Kisha mwingine. Lakini mpango wa Breki ulikuwa mzuri. Watu wa Karakana walivutwa kwenye nyavu, na mlango wa mnara ukabaki na mlinzi mmoja.

Alijibanza nyuma ya tangi. Lusajo alikuwa amesimama pale, anaangalia kulia, kushoto, halafu akainama. Akagusa kiatu chake, kiatu kisicho na kamba, akasimama tena. Alikuwa anamtania. Alijua yupo mahali fulani anamwona.

Watu nyuma ya Sikujua wakaacha kupumua.

"Huyo," alisema mtu. "Huyo hapo."

Alimlenga kifuani. Kigae kikaanza kupata joto, dalili kwamba kimesikia mapigo na kinasubiri. Pumzi mbili, tatu, kisha kingechora mstari mwekundu. Akisita, kigae kimekwenda, na mnara umekwenda, na kesho mwingine atamlenga Lusajo bila shida yoyote. Akipiga, maji yamepatikana, na lile behewa litabaki na mwanamke mmoja anayezungumza na pazia tupu.

Hapo ndipo alipogundua kwamba haogopi. Alikumbuka mikono ile ya haraka ikilitikisa birika karibu na sikio. Alikumbuka ongeza chai. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia ongeza. Shukrani ilimjia kubwa kuliko mwili wake, na ikawa haina pa kwenda isipokuwa mbele.

Kusita kunakatazwa. Kulenga na kuacha kunakatazwa. Lakini waliotengeneza mchezo hawakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atatoka mafichoni, atupe bunduki chini, asimame juani mbele ya adui yake. Mchezo haukukataza ujinga. Sikujua alitoka.

"Unafanya nini?" mtu alimwuliza sikioni. "We binti, unafanya nini?"

Lusajo aliinua bunduki. Naye alikuwa na kigae kinachomsikiliza, naye hakuwa na ruhusa ya kusita. Akampiga. Kifuani.

Kigae kikapoa.

* * *

Aliyeanguka hulala kwao nyuma ya pazia na kumsubiri aliyemwangusha. Sikujua alitundika gunia kati ya makopo ya mchicha, akalala kwenye godoro lake. Hakukuwa na mtu wa kukaa upande wa pili.

"Babu," aliita. "Utanikalia msiba?"

"Mimi sijafiwa," Mzee Ndimbo alijibu. "Mimi nimeibiwa maji." Akasikika akishuka ngazi, polepole, kwa sababu ya magoti.

Akalala hivyo. Jua likasogea kwenye gunia. Lusajo hakuja. Kutoka reli ya pili mpaka Makontena ni hatua chache, na bado hakuja. Alianza kufikiri kwamba labda aliyeangusha mtu asiye na kwao hana pa kwenda, na desturi haikupanga kitu kwa watu wa namna hiyo.

Gunia likafunuliwa. Alikuwa Breki, jasho linamtoka.

"Inuka. Aliyekuangusha anazunguka Karakana na birika kama mwehu. Amezunguka mpaka wamekaa barabarani kumcheka."

"Amepotea?"

"Ramani haimleti huku. Kila akiifuata inamrudisha kwenye behewa la mama yake. Anasema kigae kimeharibika." Breki alichuchumaa, wakalingana macho. "Lakini havijawahi kuharibika namna hiyo, Sikujua. Sivyo?"

Alishika kigae baridi kilichokuwa shingoni mwake. Kilikuwa kimevaliwa ngozi kwa ngozi miaka yote hii. Kimelala naye nyuma ya makopo, kimetembea naye juu ya mapaa, kimekaa naye kwenye viti vya treni huku chai ikichemka. Kilikuwa kimepima, kikalinganisha, kikaamua. Yeye mwenyewe hakuwahi kuthubutu kuamua.

"Huwezi kubaki hapa," alisema Breki. "Umetoka mbele ya bunduki, hiyo ningewaeleza, ningesema umeteleza. Lakini sasa kila mtu anajua kwenu ni wapi. Kabla ya jioni watakuja kukutoa wao."

"Najua."

"Alikuwa anakupa nini?"

"Nani?"

"Yule mama."

"Chai," alisema Sikujua. "Na anakuambia mtu wake alikuwaje. Basi."

Breki aliinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. "Ananisema na mimi? Huwa anamsema... yule mwingine? Mwanawe mkubwa?"

"Ambakisye. Alikuwa anamziba mdogo wake masikio treni ikilia."

Breki alisimama ghafla. "Nenda," alisema. "Chukua godoro lako."

Godoro hakulichukua. Alivuka reli mikono mitupu, na safari hii mapaa yalikuwa kimya. Mlinzi wa geti alisahau muhogo wake. Mbele ya behewa la Daraja la Tatu watu walikuwa wamejaa, na katikati yao Lusajo, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, ameshika birika kwa mikono miwili, uso umemwiva kwa aibu. Ilikuwa mara ya kwanza Sikujua kumwona nje ya kigae bila pazia kati yao.

Mama Lusajo alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unachelewa mpaka msiba wako mwenyewe?" alisema. "Pita nyuma ya pazia."

Sikujua alipita. Kule nyuma kulikuwa na mkeka na mto wenye harufu ya mafuta ya nazi. Akalala. Akasikia watu wa nje wakitulia.

"Hodi," ilisema sauti ya Lusajo.

"Nani?"

"Mama, si mimi?"

"Mimi ndiye nani?"

"Ni mimi niliyemwangusha."

"Karibu wewe uliyemwangusha. Viatu acha hapo."

"Lakini hapa ni..."

"Viatu."

Birika likabandikwa. Iliki, tangawizi. Sikujua aliutazama ukuta wa mbao ulio karibu na pua yake, ambako mtoto fulani zamani alikuwa amekwaruza picha ya treni kwa msumari. Alingoja, na akaogopa, kwa sababu sasa angesemwa, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na la kumsema.

"Huyu uliyemwangusha," alianza Mama Lusajo, kwa sauti ileile ya misiba yote, "alikuwa hamalizi maandazi. Mara ya kwanza nilimwekea manne. Akala matatu, la nne akalifunga kwenye kitambaa, akidhani sioni. Nikasema labda ana mdogo wake. Nikauliza watu wa ng'ambo, wakaniambia hana mtu, anajiwekea la kesho. Mara ya pili nikaweka matano. Akafunga moja. Juzi nikaweka sita, akafunga moja. Nikajua hata nikimpa gunia, moja atalifunga. Alikuwa anaingia hapa mabega yamepanda, yanashuka chai ikichemka. Alikuwa anakujibu wewe mtani wake nyuma ya pazia na anacheka kwa pua. Alikuja na birika limejaa, mara zote tatu, halijapungua tone. Nilikuwa na hasira naye kwa ajili yako, na nilikuwa nasikiliza kama anakuja. Vyote viwili. Sasa umejua uliyemwangusha. Ongeza chai."

Kikasikika kikombe kikijazwa.

Nyuma ya pazia, Sikujua alishukuru kwamba desturi inamkataza maiti kusema.

* * *

Makontena walikinga maji ya mwisho kiangazi chote kile. Hakuna aliyekufa, ila watu walikonda na kuchukiana. Sikujua alivusha ndoo kwa Mzee Ndimbo kila asubuhi kutoka fungu la behewa lao. Mzee aliyatumia maji na hakumsalimia. Theluthi ya mchicha ilipona. Baadaye alihamia kwa binti yake, njia ya kaskazini, na hakumsamehe Sikujua; aliyepeleka salamu zake alirudi nazo.

Lusajo hakuanguka tena. Alijifunza kushona nyavu za mnara, akaoa, akahamia behewa la jirani. Bado anaongea sana.

Breki aliuacha ukubwa mvua za kwanza ziliponyesha. Siku moja mchana alivuka reli na birika lililojaa, bila vita vyovyote, akavua viatu, akasema hodi. Alipoulizwa nani, alisema ni mimi niliyemwangusha yule wa kwenye pampu. Alikaa ndani mpaka jua likapoa. Mama Lusajo hakumwagia mtu maji ya moto. Breki alirudi kila mwaka siku hiyo, akaketi, akasikiliza.

Vigae viliharibika kimoja kimoja mpaka vikaisha. Maji siku hizi hugawanywa kwa zamu, na watu hugombana kwa midomo. Birika limebaki. Hata aliyemgonga mwenzake kwa baiskeli hulijaza na kwenda.

Mama Lusajo alikufa kwa kifua, kitandani kwake, mtoto wake huku na binti yake huku.

Sikujua ndiye anayekaa kwenye behewa la Daraja la Tatu. Anakaanga maandazi na kuuza mlangoni. La mwisho hulila hapohapo, likiwa la moto.